Farasi Aliyenyweshwa Ijumaa

Sauti ya kwanza ilikuwa ndogo: ta. Ikafuata kimya kirefu, kirefu kiasi cha kunifanya niamini kwamba nimekosea, kisha tena: ta. Mtu aliyewahi kukaanga mahindi anaijua sauti hiyo, punje ya kwanza inapopasuka kabla nyingine hazijapata moto. Nilikuwa nimeketi katika ghala la Mzee Ombati, ng'ambo kidogo ya soko la Birongo, asubuhi ya jua kali baada ya mvua nyingi, na mbele yangu juu ya meza palikuwa na mguu wa mbele wa farasi aliyekufa kabla mtu yeyote hajaipa milima hii jina.

Nilidhani ni mabati. Mabati hulia yanapopata joto, na paa la ghala lilikuwa jipya. Kwa kuwa nilikuwa mtu wa kupima kila jambo mara mbili kabla ya kuinuka kitini, nilijiwekea jaribio: ningengoja wingu. Wingu likaja, likaufunika mlima, mabati yakapoa na kunyamaza. Sauti iliyotoka mezani haikunyamaza.

Ninyi vijana mnaojifunza kazi ya kutunza visukuku mmenijia nyumbani zaidi ya mara moja mkiniuliza habari za mguu wa Birongo, kwa sababu mmewasikia wakubwa wenu wakiutaja kisha wakibadili mazungumzo. Nawaandikia ili msiendelee kuutafuta. Haumo katika droo yoyote. Nimezifungua droo hizo miaka yote ya utumishi wangu, hata zile nilizozipanga kwa mkono wangu na kujua kilichomo, na haumo.

Mnyama mwenyewe mmemsoma. Alikuwa farasi kwa umbo, kimo chake hakikumzidi sana punda, lakini kila mguu ulikuwa na vidole vitatu: cha kati kikubwa, kilichobeba mwili, na viwili vyembamba pembeni, kila kimoja na kwato yake ndogo. Meno yake hupatikana kwa wingi katika nchi kavu kwa sababu jino ni gumu. Vidole vya pembeni ni habari nyingine. Ni vyepesi, fisi huvibeba, maji huvisukuma, na mtafiti hubaki na mfupa wa kati akijiuliza kama vile viwili vilining'inia tu au vilikanyaga. Swali hilo ndilo lililokuwa tasnifu yangu ya uzamili, mwanzoni mwa miaka ya sabini. Na katika tope la Birongo vidole vyote vitatu vilikuwa mahali pake, vya pembeni vimetanuka na kukandamiza udongo, kama mnyama alivyoviweka alipokuwa akizama. Jibu langu lilikuwa limelala pale mezani, na lilikuwa likipasuka.

Lazima niwaambie kwanza kwamba Gusii si nchi ya visukuku. Udongo wetu mwekundu, unaopendwa na chai na migomba, huula mfupa ukaumaliza. Mimi ni mzaliwa wa Nyamira na nilipokuwa shuleni hakuna aliyenidokezea kwamba chini ya mabonde yetu kuna kitu cha kale kuliko babu zetu. Lakini bondeni, chini ya chemchemi, familia ya Mzee Ombati ilikuwa ikichimba udongo wa kijivu wa kufyatulia matofali, na jembe lake likagonga jino. Alidhani ni la ng'ombe. Mwalimu wa sayansi wa shule jirani hakudhani hivyo, akalipeleka Nairobi, na ndipo tukatumwa, mimi na Fundi Mutua.

Fundi Mutua alikuwa mkuu wa mafundi wa maabara yetu, Mkamba mwembamba aliyekuwa ametumia ujana wake wote katika majangwa ya kaskazini. Kila ninachokijua kwa vidole nilikipata kwake. Ndiye aliyenifundisha kuugusa mfupa kwa ncha ya ulimi, kwani mfupa wa kale hunata ulimini na jiwe halinati. Siku ya kwanza bondeni wanawake waliokuja kuchota maji walinitazama nikiramba vipande vya mfupa kimoja baada ya kingine, hadi mmoja akaniuliza, kwa Kigusii na kwa huruma ya kweli, kama huko Nairobi serikali hainipi chumvi. Fundi Mutua alipotafsiriwa swali hilo alilazimika kuketi chini.

Lakini hata yeye Gusii ilimshinda kwa namna ambazo hakuzitarajia. Mfuko wa plasta tuliokuja nao kwa ajili ya kuufunga mguu ulivuta unyevu wa hewa ukaganda wote, ukawa jabali lenye umbo la mfuko. Mzee Ombati alilizunguka jabali hilo, akaligonga kwa fundo la kidole, akasema kwamba katika maisha yake ya kufyatua matofali hajawahi kuona lililoiva bila moto. Kamera nayo iliingia ukungu. Tulipiga picha za mguu ungali ardhini, za pande zote, na filamu iliposafishwa baadaye Nairobi ilitoka nyeusi tangu mwanzo hadi mwisho.

Fundi Mutua aliuchimbua mguu, akaulaza mezani ghalani, akarudi Nairobi na gari kuyapeleka meno na kutafuta plasta nyingine. Angerejea katikati ya juma lililofuata; mimi nilibaki nikilala kwa familia ya Mzee Ombati. Maagizo aliyoniachia yalikuwa yale aliyopewa na waliomtangulia: ukaushe kivulini, pole pole, halafu uupake gundi iliyoyeyushwa kwa asetoni. Huko kaskazini kanuni hiyo haijawahi kumwangusha. Huko mifupa hukaushwa na jua kabla fundi hajazaliwa.

Mfupa wa Birongo ulikuwa haujawahi kukauka hata siku moja. Tangu mnyama azame, maji yalikuwa ndani yake kama yalivyo ndani ya mua. Sehemu ya nje ilipoanza kukauka ilinywea, sehemu ya ndani ikakataa kunywea, na kati ya hizo mbili kitu lazima kikatike. Siku hizi mnaufunga mfupa wa namna hiyo ndani ya mfuko wa plastiki wenye matundu machache na mnaukausha kwa miezi. Mnapofanya hivyo mnaona ni jambo dogo. Kwenye maduka ya Keumbu, mji mdogo wa jirani, mifuko ya plastiki ilikuwepo. Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi kuliko ninavyoweza kueleza.

Asubuhi ile ya sauti niliinama nikaona kwenye kidole cha kati ufa mwembamba kama unywele. Nililowesha magunia nikayatandika juu. Sauti ikakoma, nikafurahi kwa muda wa mchana mmoja. Jioni nilipobonyeza kidole cha pembeni kwa ukucha, ukucha ukaacha alama. Mfupa ulikuwa ukilainika. Nilielewa basi kwamba nimesimama mahali pembamba sana: ukikauka unapasuka, ukilowa unageuka uji. Ulihitaji unyevu wa kadiri tu, wa mara kwa mara, matone na si mkondo, kama mtu anavyonyunyizia shati kabla ya kulipiga pasi.

Nilipaswa kwenda Keumbu siku hiyo hiyo kupiga simu. Kila sababu niliyokuwa nayo ya kutokwenda ilikuwa nzuri ikitazamwa peke yake. Profesa wangu alikuwa amesema wazi, mbele yangu, kwamba kitu kama kile hakiachwi mikononi mwa mwanafunzi. Fundi Mutua alimjibu kwamba mwanafunzi huyu anaweza. Kupiga simu kungemfanya Fundi Mutua aonekane amekosea, na pengine mfupa ungetulia wenyewe, na pengine simu ingeleta mtu mwenye haraka atakayeubeba vibaya. Niliyapanga mawazo hayo kwa uangalifu mkubwa. Wakati huo nyufa hazikuwa zikinisubiri.

Aliyeniokoa kwa siku chache zile alikuwa Mama Kerubo, mke wa Mzee Ombati. Alinitazama nikichovya na kurusha matone, akaniambia mkono wangu ni mzito, akachukua bakuli. Alikuwa na mkono wa mtu aliyelowesha udongo wa matofali tangu alipoolewa. Tulipokezana. Zamu yake ilipofika nilimsikia akizungumza na yule mnyama kwa sauti ya chini, akimwita mgeni, akimwambia habari za mvua na bei ya ndizi sokoni Masimba. Ufa haukukua. Vidole vya pembeni vilianza kuwa vigumu tena. Nakumbuka nililala usiku mmoja nikiwa na hakika kwamba tumeshinda.

Asubuhi ya Ijumaa niliamka na malaria. Ninyi mliotoka nyanda za juu mnaijua ile yetu, inayokuja baada ya masika na kumtikisa mtu hadi kitanda kinasogea. Nilimeza klorokwini, ngozi ikaniwasha mwili mzima, na adhuhuri nilikuwa siwezi kushika bakuli. Mama Kerubo alichukua zamu zote. Lakini familia ile ilikuwa ya Wasabato, Mzee Ombati akiwa mzee wa kanisa, na machweo ya Ijumaa ndiyo mlango wa Sabato. Kuanzia hapo hakuna mkono ambao ungefanya kazi hadi machweo ya kesho yake. Nilijikokota hadi sebuleni kumwomba ruhusa. Nilimwita Tata, kama sisi Wagusii tunavyowaita wanaume wa rika la baba zetu, nikamweleza kwamba mguu hauwezi kukaa mchana kutwa bila kunyunyiziwa maji.

Alilichukua swali kwa uzito. Hilo naomba mlielewe. Hakuwa mtu wa kukataa ili aonekane mkubwa. Aliuliza kama mtu anayenyunyizia miche maji siku ya Sabato anafanya kazi. Nikakubali kwamba anafanya. Aliuliza tofauti iko wapi. Mimi ni Mkatoliki, na nadhani alishangaa nilipomkumbusha kwamba Bwana mwenyewe aliwaambia watu kuwa hata siku ya Sabato humfungua ng'ombe zizini wakampeleka kunywa maji.

"Ng'ombe ana kiu," akasema. "Huyu wako ana kiu?"

"Akikosa maji anapasuka, Tata."

"Hata tofali bichi hupasuka likikauka upesi, mwanangu. Hatujawahi kusema lina kiu."

Mama Kerubo alikuwa akichambua mboga za chinsaga mlangoni. Alisema, bila kuinua kichwa, "Tofali halikuwahi kuwa na mama."

Nilimwona Mzee Ombati akiligeuza neno hilo upande huu na upande ule, na homa ikanifanya nihisi kwamba sebule nzima imeegemea jibu lake. Mwishowe alitoa uamuzi, na mpaka leo sijaweza kuuona kuwa na kasoro. Sabato, alisema, ni pumziko letu na la wanyama walio malangoni mwetu. Kwa hiyo na huyu apumzike. Lakini Ijumaa imeitwa Siku ya Maandalizi kwa sababu yake. Kila kitakachohitajika kesho na kiandaliwe leo, kabla jua halijatua.

Nilimshukuru. Nilimwelewa kuwa maji yatatekwa leo na kuwekwa karibu na meza, ili mimi mwenyewe, nisiyefungwa na Sabato, niamke na kunyunyizia. Nilijifunika blanketi nikaanguka kwenye usingizi wa homa.

Mama Kerubo alimwelewa kama alivyomwelewa kila Ijumaa ya ndoa yake. Obokima, yaani ugali, na mboga za Jumamosi hupikwa Ijumaa. Nguo za Jumamosi hupigwa pasi Ijumaa. Kuni za Jumamosi hupasuliwa Ijumaa. Basi na maji ya farasi ya Jumamosi akampa Ijumaa. Aliyafunua magunia, akajaza kibuyu mtungini, akammiminia polepole, kwa upole wa mtu anayemnywesha mgonjwa, kibuyu baada ya kibuyu, hadi alipohesabu moyoni kwamba matone yote ya siku ya kesho yametimia. Kisha akamfunika vizuri asipate baridi, akaenda kuoga kwa ajili ya Sabato.

Homa ilinipungua Jumamosi karibu na adhuhuri. Nyumba ilikuwa tupu. Nyimbo za kanisani zilivuka bonde, sauti za wanawake kwanza, kisha za wanaume. Nilikwenda ghalani nikishika ukuta. Magunia yalikuwa mazito, na chini ya meza palikuwa na kidimbwi cha rangi ya maziwa. Nilijua maana ya rangi hiyo kabla sijafunua, na bado nilisimama nikitafuta kitu kingine ambacho kingeweza kuyapaka maji weupe.

Vidole vya pembeni havikuwa vimevunjika. Kama vingevunjika ningekuwa na vipande, na vipande huunganishwa. Vilikuwa vimelala chini. Umbo lake lilibaki kwa dakika ile tu nilipofunua, kama alama ya mtu kwenye godoro, na nilipoondoa gunia kwa tahadhari yote niliyokuwa nayo, gunia likaondoka navyo. Nilibaki na uji wa kijivu ambao ndani yake mfupa na udongo havikutengana tena. Nilichukua sindano na brashi nikaanza kutafuta chembe. Niliziweka juu ya karatasi, moja moja. Baada ya muda niligundua kwamba sijui tena ipi ni mfupa, na nilipoigusa kwa ulimi kila moja ilinata, kwa sababu udongo wa Birongo nao hunata.

Mama Kerubo alirudi kanisani akiwa bado na kitambaa cheupe kichwani, akaja moja kwa moja ghalani.

"Amekunywa vizuri?" akaniuliza. "Nilimpa yote, asije akashinda mchana kutwa na kiu wakati sisi tuko ibadani."

Nilimjibu kwamba amekunywa. Akasogea mezani. Alikuwa mtu wa udongo; hakuhitaji kuelezwa. Alitazama, akafungua kile kitambaa cheupe akakishika mkononi, kisha akasema maneno ambayo sijawahi kuyasimulia katika semina yoyote. "Nionyeshe vilikaaje. Jua likitua nitavifinyanga."

Nilimwambia haiwezekani. Aliuliza kwa nini, nami, niliyekuwa na shahada moja na nusu, nikashika tena sindano na brashi.

Mtaniuliza baadaye ikawaje. Nilirudi Birongo mara kadhaa, na Fundi Mutua, kisha peke yangu. Chemchemi ilikuwa imelijaza shimo. Familia ikahamisha ufyatuaji wa matofali kwingine, bonde likapandwa mikaratusi, na mizizi ya mkaratusi haimwachii mtu kitu. Mabaki ya kidole cha kati tuliyapeleka Nairobi. Yalipokauka yaligawanyika magamba magamba, na mtu fulani wa usafi, asiye na kosa lolote, akayafagia. Niliandika tasnifu juu ya meno. Niliweka humo sentensi moja kuhusu vidole vya pembeni kutanuka matopeni, na mtahini akaizungushia kalamu nyekundu akiuliza ushahidi uko wapi. Niliiondoa. Alikuwa na haki. Miaka iliyofuata nimeunganisha maelfu ya mifupa ya wanyama wengine, na kazi hiyo naipenda, lakini lile swali bado liko wazi vitabuni, na mimi ni miongoni mwa watu wachache duniani walioliona jibu lake na kutoweza kulisema. Mara nyingine najiuliza kama niliona sawasawa. Huo ndio ubaya wa kitu kilichopotea: hata aliyekiona huanza kujishuku.

Jumapili niliimaliza nikipanga chembe. Jumatatu Mzee Ombati alisema nisiende Keumbu peke yangu na miguu inayotetemeka, akavaa koti lake la kanisani akanisindikiza. Njiani aliuliza mara moja tu, akiangalia mbele, kama ingefaa yeye mwenyewe azungumze na wakubwa wangu, kwa kuwa uamuzi ulikuwa wake. Nikamwambia haitahitajika.

Simu ilikuwa ndani ya duka moja la vifaa, mezani, karibu na mizani. Mwenye duka alimwita opereta wa Kisii, opereta akatwambia tungoje laini ya Nairobi, nasi tukangoja tukiwa tumekaa juu ya magunia ya saruji. Watu walioingia kununua misumari walikaa pia. Simu ya mbali ilikuwa jambo la kusikilizwa na wote, na hakuna aliyejifanya hasikilizi. Njia nzima nilikuwa nimeitunga taarifa yangu: kwanza hali ya hewa, kisha nyufa, kisha magunia, kisha homa, kila jambo katika nafasi yake na kila neno likiwa kweli.

Laini ikapatikana. Fundi Mutua mwenyewe ndiye aliyeinua.

"Moraa! Plasta nimepata," akasema. "Mguu unaendeleaje?"

Nilimwambia vidole vya pembeni havipo tena.

"Vimeibwa?"

"Vimeyeyuka, fundi."

Nilisikia kiti kikivutwa upande wa pili. "Vyote viwili?"

"Vyote viwili."

Opereta aliingia kuuliza kama bado tunazungumza, akatoka. Dukani hakuna aliyepima misumari. Mzee Ombati, aliyekijua Kiswahili cha kutosha kufuata kila neno, alikuwa ameivua kofia yake na kuishika kifuani kwa mikono miwili, macho yake yakiwa juu ya mdomo wangu.

"Lakini Moraa," Fundi Mutua akasema, bila hasira, kama mtu anayeuliza habari za msiba, "kwani hapakuwa na mtu wa kumtunza?"

Ile taarifa yote ikanitoka kichwani.

"Alitunzwa, fundi," nikasema. "Alitunzwa na nyumba nzima."